Shule ya Barabarani na Shule ya Majini: Historia ya Elimu ya Umma na Msamiati Wake katika Kibiti na Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu shule za msingi za serikali katika sehemu mbili za eneo moja. Sehemu ya kwanza ni ukanda wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, wenye miji midogo ya Jaribu Mpakani, Bungu na Kibiti. Sehemu ya pili ni delta ya mto Rufiji, yaani visiwa na vijito vya kata kama Salale, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi na Msala. Sehemu zote mbili zimo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Shule zake zina mtalaa mmoja, muhula mmoja na mtihani mmoja wa kumaliza elimu ya msingi. Kwa sababu hiyo huonekana ni haki kuzilinganisha: zote ni za serikali, zote ni za vijijini, na zote zimo katika wilaya moja.

Hoja yangu ni kwamba usawa huo ni wa karatasi. Shule ya serikali, kama tulivyoirithi na kuieneza, ilibuniwa kwa ajili ya kijiji cha nchi kavu ambacho wakazi wake hulala mahali pamoja mwaka mzima. Kando ya barabara kijiji cha namna hiyo kipo. Deltani kipo kwa sehemu tu ya mwaka. Shule ilipelekwa huko bila kubadilishwa umbo, na pengo lililojitokeza kati ya shule na maisha likapewa jina moja katika daftari la mahudhurio: utoro. Nitaonyesha kwamba jina hilo lina historia yake, na kwamba historia hiyo inatuzuia kuona tunacholinganisha. Ndiyo sababu suala hili, ambalo kwa kawaida huachiwa wachumi na maofisa elimu, linatuhusu sisi tunaoshughulika na Kiswahili.

2.0 Nchi na Maji

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mingine yote katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye eneo la takriban hekta 53,000. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa karne nyingi majahazi yamefika hapa kuchukua miti ya kujengea nyumba za Zanzibar, Lamu na Bara Arabu. Biashara hiyo imeacha msamiati mpana. Mwenyeji wa delta hutofautisha mkoko, mkandaa, msinzi, mchu na mkomafi. Na mti ukishakatwa huitwa kwa unene wake: boriti, mazio, pau, fito. Mtoto huyajua haya kabla hajaingia darasa la kwanza.

Maji nayo yana saa zake. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku wakati wa kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua. Katikati yake huwa maji mafu. Maana yake kwa shule ni rahisi kuieleza. Kijito kilichojaa saa moja asubuhi Jumatatu hii kitakuwa karibu kupwa saa hiyo hiyo Jumatatu ijayo. Mtoto aliyevuka kwa mtumbwi wiki hii atakuta tope wiki ijayo, hali kengele ya shule haijasogea hata dakika moja. Ukanda wa barabara hauna tatizo la namna hii. Mtoto wa Bungu anaweza kutembea mwendo mrefu, lakini njia yake iko mahali pale pale kila asubuhi.

Jambo la tatu ni dungu. Msomaji wa Kiswahili wa mahali pengine hulifahamu dungu kuwa ni ulingo wa kulindia ndege shambani. Katika bonde la Rufiji na deltani neno hili lina maana pana zaidi: ni makazi kamili yaliyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, ambamo familia huishi kwa miezi kadhaa ikilinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na juu yake maji ya mafuriko hayawafikii. Tangu kupanda hadi kuvuna katikati ya mwaka, dungu ndilo nyumba, na nyumba ya kijijini hubaki imefungwa.

3.0 Kutoka Chuo hadi Shule

Kabla ya shule kulikuwa na chuo. Katika Kiswahili cha zamani neno hili lilimaanisha kitabu, kisha likamaanisha mahali panaposomwa Kitabu. Maelezo ya desturi za pwani yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, ambayo kwa sehemu kubwa yalitokana na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yanaonyesha jinsi elimu hiyo ilivyokuwa sehemu ya makuzi ya mtoto. Chuo kilikuwa na sifa moja inayotuhusu hapa. Kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake, kutoka alifu hadi kukhitimu. Aliyekwenda shambani na wazazi wake alirudi akaanzia sura aliyoiachia. Hakukuwa na darasa lililomtangulia wala mtihani uliompita. Chuo kiliweza kumngoja.

Shule ilikuja na Wajerumani, na neno lenyewe tulilitwaa kwao, wakati Zanzibar ilichukua skuli kutoka Kiingereza. Shule ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilifunguliwa Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890. Lengo lilikuwa kupata makarani, maakida na walimu walioweza kuandika Kiswahili kwa hati za Kirumi. Shule hii ilikuwa na madarasa, miaka na saa. Kizazi kizima kiliingia pamoja na kutoka pamoja, na aliyekosa alibaki nyuma.

Waingereza waliendeleza umbo hilo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia vitabu vya shule. Kwa wilaya kama Rufiji, ambayo makao yake makuu yalikuwa Utete, usanifishaji huu ulikuwa na faida kubwa: mtoto wa Kindengereko, wa Kimatumbi na wa Kinyagatwa walipata lugha moja ya kusomea. Lakini msamiati ulioingia vitabuni ulitoka mjini na nchi kavu. Bamvua, mazio na dungu havikuhitajika katika mtihani wa karani.

Hadi uhuru mwaka 1961 shule za Rufiji zilikuwa chache, na tofauti kati ya barabara na delta haikuwa imepevuka. Walio wengi katika sehemu zote mbili walisoma chuoni, si shuleni.

4.0 Kijiji Kinatafutwa

Tofauti ilianza kupata umbo baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi mwaka huo, Elimu ya Kujitegemea. Waraka ule ulidai kwamba shule isimtenge mtoto na jamii inayomlea, na kwamba kazi ya shamba isiwe adui wa masomo. Kwa nadharia, hakuna mahali palipofaa zaidi kwa wazo hilo kuliko Rufiji, ambako watoto tayari walikuwa nguvukazi ya lazima katika kilimo cha mpunga.

Utekelezaji ulichukua njia nyingine. Mwaka 1968 Rufiji ilikumbwa na mafuriko makubwa. Serikali iliyaona kuwa ni sababu na nafasi ya kuwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye miinuko, na Operesheni Rufiji ikawa miongoni mwa operesheni za awali za kuunda vijiji nchini, miaka kadhaa kabla ya zile za 1974. Ahadi ilikuwa maji, zahanati na shule. Ahadi hiyo haikuwa ya uongo, kwani shule zilijengwa. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, ambako maji ya mto huleta udongo mpya na ambako baada ya maji kushuka hupandwa mazao ya mlau. Mtafiti Kjell Havnevik, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu mipaka ya maendeleo yanayoamriwa kutoka juu, aliichukua Rufiji kuwa mfano wake mkuu. Wakulima waliendelea kulima kule walikokuwa wakilima, sasa kwa kutoka mbali, na dungu likapata umuhimu mkubwa zaidi kuliko kabla ya operesheni.

Kwa hiyo kijiji kilipatikana kwenye ramani, na shule ikawekwa katikati yake. Kando ya barabara kijiji hicho kilikua na kuwa cha kweli: soko, kituo cha basi, zahanati, baadaye umeme. Kibiti ilipata pia shule ya sekondari ya bweni yenye mwelekeo wa kilimo, mojawapo ya zile zilizojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Cuba. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuondoa kero ya kivuko cha Ndundu, ukanda huo uliunganishwa na kusini yote. Deltani makazi yaliendelea kutawanyika visiwani, na maji yenyewe hayakutulia. Tangu mafuriko ya mwaka 1978 sehemu kubwa ya maji ya mto imekuwa ikipita upande wa kaskazini wa delta, na kilimo cha mpunga kikafuata maji matamu kuelekea huko. Shule ya matofali haiwezi kufuata.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977 zilifikisha shule karibu kila kijiji. Sheria ya Elimu namba 25 ya mwaka 1978 ikafanya uandikishaji na mahudhurio kuwa lazima, na mzazi akawajibika kisheria. Hapo ndipo pengo la kalenda lilipogeuka kuwa kosa, na kosa likahitaji jina.

5.0 Neno Utoro

Jina lililopatikana lilikuwa tayari limezeeka. Katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19, mtoro alikuwa hasa mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Watoro walikuwa na makazi yao, maarufu zaidi yakiwa nyuma ya Mombasa na Malindi, kama Fuladoyo. Rufiji ililijua neno hili kwa karibu. Mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, misafara kutoka Kilwa ilielekea kaskazini kwa nchi kavu na kulivuka bonde la Rufiji, hadi Sultani Barghash alipopiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Katika nchi kama hii, kuitwa mtoro kulimaanisha kwamba una mwenyewe, na kwamba umemkimbia.

Neno halikuwa la fedheha siku zote. Ndugu yetu wa Bagamoyo niliyemtaja alilibeba kama jina lake. Lakini lilipoingia katika utawala wa kikoloni lilihama kutoka kwa mtumwa kwenda kwa kibarua aliyeacha kazi, kwa askari aliyeacha kikosi, na hatimaye kwa mwanafunzi. Katika hatua zote hizo muundo wa maana haukubadilika: kuna mahali halali pa mtu, kuna mwenye mamlaka juu ya mahali hapo, na kuna mtu aliyeondoka kwa hila.

Sasa tumwangalie mtoto wa Maparoni au wa Mbuchi ambaye mwezi Aprili yuko dunguni pamoja na wazazi na wadogo zake. Hakutoroka. Alikwenda mchana, na jamaa zake wote, mahali ambapo kila mtu kijijini anapafahamu. Kama angebaki kijijini, angebaki peke yake katika nyumba iliyofungwa. Mwalimu anamjua, na huenda mwalimu mwenyewe ana shamba upande huo huo. Lakini daftari lina nafasi za alama chache: yupo, hayupo, mgonjwa, ruhusa. Mwisho wa mwezi asiyekuwapo bila ruhusa huhesabiwa mtoro, na takwimu ikishafika wilayani haitofautiani na ya mtoto wa barabarani aliyeacha darasa akaenda kubeba mizigo kituo cha basi. Namba ni moja, ilhali mambo ni mawili. La pili linahitaji malezi na usimamizi. La kwanza linahitaji kalenda.

6.0 Ulinganishaji Unavyofanya Kazi

Kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 hadi 2006 vilileta madarasa mapya na wanafunzi wengi katika sehemu zote mbili. Pamoja nao ulikuja utaratibu wa ruzuku kwa kichwa cha mwanafunzi. Elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ilishikwa kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho shule yenye wanafunzi 1,000 kando ya barabara ilihesabiwa shilingi milioni 10, na shule ya kisiwani yenye wanafunzi 150 shilingi milioni moja na nusu. Hesabu ni ya haki kwa kila mtoto. Lakini chaki, mitihani na vitabu vya shule ya kisiwani vililazimika kupanda boti, na nauli ya boti haipungui kwa sababu watoto ni wachache.

Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa uliufanya upangaji wa shule kwa ufaulu kuwa chombo rasmi cha sera. Shule ziligawanywa katika rangi ya kijani, njano na nyekundu, na kila moja ikajua nafasi yake kitaifa na ndani ya wilaya. Utafiti wa Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, uliochapishwa mwaka 2021, ulichunguza athari za upangaji huo nchini kote. Waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha kiwango cha ufaulu; lakini pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya wanafunzi wa darasa la saba. Kwa lugha nyepesi, njia mojawapo ya kupanda ngazi ilikuwa kuwaondoa wale ambao wangeishusha shule.

Tukilirudisha hilo katika muktadha wetu, hatari yake ni dhahiri. Wilaya moja inaziweka shule ya barabarani na ya majini katika orodha moja. Mtoto aliyekosa miezi miwili ya mpunga ndiye anayetarajiwa kufeli, na tayari daftari limempa jina linalorahisisha kumfuta. Hakuna anayelaumiwa kwa kumpoteza mtoro, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kusema kwamba aliondoka mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Uamuzi huo ulistahili kupongezwa. Hata hivyo, kuacha kutangaza orodha si sawa na kuacha kufikiri kwa orodha.

Mwaka uliofuata ulitoa ushahidi mchungu wa kile ninachokisema. Aprili 2024 mvua za El Niño, pamoja na maji yaliyofunguliwa kutoka bwawa la umeme la Julius Nyerere, zilileta mafuriko makubwa Rufiji na Kibiti. Mashamba na nyumba vilizama, familia zilihamia kwenye kambi, na masomo yalivurugika. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani hiyo hiyo. Mtihani wa taifa wa Septemba ulibaki mmoja kwa wote.

7.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba hoja hii inapamba ajira ya watoto na kufumba macho mbele ya wasichana wanaoachishwa shule kwa ndoa na mimba. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake ni kwamba neno moja lililofunika mambo yote ndilo linalotuzuia kuwaona wasichana hao. Ikiwa kila asiyekuwapo ni mtoro, aliyeko dunguni na aliyeozwa wanaandikwa mstari mmoja, na mwenye kuhitaji kuokolewa anajificha ndani ya wingi wa wenye kuhitaji kungojwa. Tunao mfano wa nguvu ya jina. Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito alihesabiwa kuwa amefukuzwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi katika shule rasmi. Hakubadilika msichana, ilibadilika hadhi yake katika daftari, na mlango ukafunguka.

Pingamizi la pili ni kwamba taifa moja linahitaji kipimo kimoja, na kwamba kuipa delta kalenda yake ni kuipa elimu ya daraja la pili. Nakubali kipimo kiwe kimoja. Mtoto wa Msala anastahili kusoma hesabu ile ile anayosoma mtoto wa Kibiti mjini. Lakini kipimo na ratiba ni vitu viwili. Siku za masomo zinaweza kuwa sawa kwa idadi bila kuwa sawa kwa tarehe. Likizo iliyowekwa Juni na Desemba haikuteremshwa pamoja na hesabu. Iliwekwa na watu, na watu wanaweza kuiweka pengine.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba shule ya barabarani na shule ya majini hazikuanza mbio mstari mmoja. Ya kwanza ilijengewa kijiji. Ya pili ilitakiwa kukisubiri kijiji ambacho kila mwaka, kwa sababu njema kabisa, huhamia mashambani. Chuo cha zamani kilimngoja mtoto kwa kuwa kilimfuata yeye. Shule haijamngoja kwa kuwa inafuata saa.

Kazi ya maofisa elimu ni kupanga walimu, mabweni na boti. Kazi yetu ni ndogo zaidi, lakini hakuna mwingine atakayeifanya. Kwanza, tukusanye Kiswahili cha delta, maneno ya maji, miti na mpunga, na kukipeleka katika kamusi na vitabu vya kiada kikiwa Kiswahili kamili, si kama lahaja ya kuchekesha. Kazi iliyofanywa na Eva-Marie Ström juu ya sarufi ya Kindengereko mwaka 2013 inaonyesha kwamba lugha za eneo hili zinaweza kuandikwa kwa makini. Kiswahili chake nacho kinastahili heshima hiyo. Pili, tuwape walimu msamiati wa haki wa mahudhurio. Mtoto aliyeko dunguni aandikwe kwamba yuko dunguni. Siku wilaya itakapojumlisha safu hiyo mpya, itajua ni watoto wangapi, mwezi gani, na upande gani wa mto. Na kutokana na namba hizo kalenda inaweza kuzungumzwa bila ubishi wa hisia.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, wengi wenu mtakuwa walimu, na baadhi yenu mtapangiwa vituo mtakavyovifikia kwa boti kutoka Nyamisati. Mtakabidhiwa daftari siku ya kwanza. Kabla hamjaandika neno lolote mbele ya jina la mtoto, ulizeni maji yako wapi, na mpunga umefikia wapi.